Frateri wa Burkina hana hela

Nianze na swali ambalo nimelijibu pale kijiweni mpaka nimechoka: hapana, yule ninayempakia kila siku sio padre, sio Mkongo, na sio mchezaji mpya wa timu ya kata. Ni frateri, yaani bado anasomea upadre, ametokea Burkina Faso na yuko huku kwetu Mwanza, upande wa Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, kwa mazoezi ya umisionari. Shirika lake silitaji kwasababu sijamuomba ruhusa, ila utaratibu wao ni kwamba ukishamaliza falsafa na mwaka wa unovisi, ule wa malezi ya kuingia shirikani, unapelekwa nchi nyingine kabisa, sio ya kwenu, unakaa miaka miwili unaishi na watu, unajifunza lugha yao, unafanya utume, alafu ndo unarudi darasani kusoma teolojia. Ni kama fildi ya chuo, ila hii inakukuta hujui hata kuomba maji ya kunywa.

Mi ni bodaboda, kijiwe changu kipo njia panda ya kwenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na Jumapili naimba besi kwenye kwaya. Paroko aliniita akasema utakuwa unamzungusha huyu kijana vigangoni, yaani yale makanisa madogo ya parokia huko vijijini, mafuta juu ya parokia na kitu kidogo cha kwako, gari la parokia si unalijua. Nalijua, lile gari linakaa gereji mda mwingi kuliko barabarani. Sasa bwana kumbe jamaa pikipiki anaijua kunizidi, kwao Ouagadougou ndo usafiri wa kila mtu, mama mtu mzima na kitenge chake anawasha mwenyewe anaenda sokoni. Kuna siku tumefika pale kwenye mchanga mwingi kabla ya mwalo nikaanza kuyumba, akaniambia kwa adabu kabisa, kaka naomba nijaribu, akapita pale kama yuko kwenye lami. Bahati mbaya kuna wenzangu wawili walikuwa wanapita, mpaka leo kijiweni hawajaacha kunitania.

Ila nilichotaka kuandika leo sio pikipiki, ni habari ya hela.

Siku paroko anatangaza kanisani kwamba tunaletewa mmisionari, kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walishaanza kuulizana kama pilipili anakula au hali, na wazee wa benchi la nyuma wakaanza kupiga hesabu ya bati za kigango. Na usiwacheke, wana sababu. Huku kwetu mmisionari maana yake ni mtu anayekuja na kitu. Bukumbi kule Misungwi wamisionari wa Lavigerie, wale White Fathers, walifungua misheni 1883, shule na dawa watu wakavikuta hapo. Bujora hapo Kisesa ni Padre David Clement, Mkanada wa Quebec, aliyejenga kanisa la kufuata alama za watemi wa Kisukuma na kukusanya ngoma na vigoda vya enzi ambavyo leo watalii wanalipia kiingilio kuviona. Hospitali ya Bugando yenyewe pale juu kilimani ni maaskofu Katoliki waliijenga kwa msaada mkubwa wa Wakatoliki wa Ujerumani kupitia Misereor, shirika lao la misaada, ikafunguliwa 1971. Mzee katekista wetu anasimulia padre wa utotoni kwake alikuwa na lori, na lori hilo ndo lilikuwa ambulensi, ndo gari la mchanga, ndo gari la harusi. Kwahiyo mtu amekua anaona hivyo, ukimwambia mmisionari anakuja anaona lori.

Basi akashuka kijana ana begi moja la mgongoni na gitaa lisilo na uzi mmoja.

Kanisa lilinyamaza kidogo, haki ya Mungu. Kuna bibi karibu yangu akauliza kwa sauti ya kunong'ona ambayo benchi tatu zilisikia, "mmisionari mwenyewe yuko wapi sasa?"

Kiukweli hata sasa hivi wengi hawajui kwamba mashirika mengi ya kimisionari siku hizi yanajazwa na vijana wa Afrika na Asia, Ulaya miito imepungua sana, wazungu waliobaki wengi ni wazee. Anayekuja kwako anaweza kuwa Mghana, Mmalawi, Mhindi, Mburkina. Na huyu hatoki kwenye nchi ya kumtumia kontena. Pesa yake ya mfukoni anayopewa kwa mwezi mi sitaisema ila kuna wiki za giza, dagaa wanapovuliwa kwa wingi, naingiza zaidi yake kwa siku chache tu, na humo humo anunue vocha, sabuni na viatu.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mateso kwake. Yaani tukisimama popote lazima mtu amvute pembeni. Frateri mtoto hana sare. Frateri mume wangu yuko kambi ya uvuvi huko visiwani hajatuma hela. Frateri kigango chetu kuta zipo ila juu ni anga. Kijana mmoja akataka amtafutie "wafadhili" wa kununua injini ya mtumbwi. Na yeye Kiswahili chenyewe ndo anakibangaiza, anajibu "nitaomba", anamaanisha ataomba Mungu, mtu anaelewa ataomba hela huko Ulaya, anarudi wiki inayofuata na tathmini ya fundi. Ikabidi siku moja jioni nimkalishe chini nimwambie Frateri hapa usiseme nitaomba, sema sina. Akasema kwao kumwambia mtu mzima sina ni aibu. Nikamwambia na huku ni aibu lakini ya kwako itakuwa fupi.

Akaanza kusema sina. Kwanza watu walinuna. Kuna mzee alisema wazi kwenye kikao cha kigango kwamba tumeletewa mwanafunzi. Alafu taratibu nikaona kitu kinageuka, sijui niseme kilianzia wapi, labda pale mama mwenyekiti wa jumuiya alipoona soli ya kiatu cha Frateri imefungwa na waya. Wiki hiyo hiyo kwenye mnada baada ya misa, wenyewe mnajua, vile vitu vinavyotolewa sadaka vinapigwa mnada pale nje, kuku, mayai, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), ndizi, mama mmoja akanunua jogoo kwa kupandishana bei na watu kama watatu, alafu akamkabidhi Frateri yule jogoo mbele ya wote. Jamaa akabaki ameshika jogoo hajui afanye nini. Toka hapo mayai hayajakata. Matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, anapewa, dagaa anapewa, sato mwenye hadhi yake anapewa. Ugali hakuhangaika nao hata kidogo, kwao wana tô, ni ugali kabisa wa mtama au uwele au mahindi wanaula na mchuzi wa bamia au majani ya mbuyu, ila ule wa udaga wa muhogo ulimpa shida siku za kwanza, anasema unamkimbia mkononi.

Siku yake iko hivi. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, masifu ya asubuhi na mapadre, misa saa kumi na mbili na nusu, chai, alafu kama ni siku ya vipindi vya dini nampeleka shule ya msingi, darasa lina watoto mpaka dirishani wengine wamekaa chini, anafundisha kwa nyimbo na lile gitaa. Mchana kuna kazi za nyumbani pale parokiani, anafua mwenyewe, anafyeka, analisha nguruwe. Saa tisa tunaondoka kwenda kigangoni, wagonjwa, vijana wa kipaimara, jumuiya. Usiku anasoma Kiswahili na kuandika ripoti za kutuma kwa wakubwa wake wa malezi. Hiyo ndo ratiba aliyokuja nayo kwenye daftari, imepigwa mistari kwa rula, Jumanne kigango hiki, Alhamisi kile.

Ratiba ilikufa mapema tu. Tunafika kigango cha mwaloni tunakuta mbwa na watoto wadogo. Wiki inayofuata tena. Akaanza kuona watu hawamtaki, akawa mnyonge, hata gitaa akaliacha. Mzee katekista akamuuliza, Frateri wewe unaangalia kalenda ipi? Akaonyesha daftari. Mzee akamwambia toka nje angalia juu.

Kwa ambao hamjakaa mwambao, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola na betri, na taa inafanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, kwahiyo watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaenda kwao kusalimia, wengine wanakunywa tu. Mwezi ukipungua giza limerudi, kijiji kizima kinageuka. Vijana wako majini usiku kucha na mchana wamelala, kina mama toka alfajiri wako kwenye vichanja wanaanika, wanageuza, wanaangalia mawingu maana mvua moja tu ya mchana mzigo unaharibika na tajiri anataka chake. Sasa hapo umwambie nani aje mafundisho ya saa tisa? Katekista anasema hivi, giza lina sadaka halina watu, mwezi una watu hauna sadaka. Wageni wengi sana, sio wamisionari tu, hata watu wa miradi, wanakuja na ratiba za Jumanne na Alhamisi alafu wanaandika kwenye ripoti kwamba wananchi wana mwitikio mdogo.

Siku hizi daftari la Frateri limechorwa vimwezi pembeni. Mafundisho ya vijana wa kambini ni siku za mbalamwezi, tena mfululizo kila siku, na wakati wa giza anawafuata kina mama huko huko kwenye vichanja. Mara ya kwanza alisimama na rozari kavaa kanzu yake safi, mama mmoja akamwambia ng'wanawane, yaani mwanangu, kama unasali sali lakini mkono uwe unageuza dagaa. Akakunja mikono. Sasa hivi ndo jumuiya yenyewe, salamu Maria inaenda na dagaa wanageuzwa, na ile kanzu harufu imegoma kutoka, hata ukiisimamia na sabuni ya mche.

Kitu ambacho hajakizoea ni maji. Kwao hakuna bahari wala ziwa kama hili, kuogelea hajui, na vigango viwili ni vya kwenda kwa mtumbwi. Mi naye sheria yangu ni moja, hakuna laifu jaketi hakuna safari, wenye mitumbwi wanaona nawaletea ushamba lakini siwasikilizi. Ukipita makaburi ya Igoma ukaona pale walipolazwa watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama 1996, na MV Nyerere nayo 2018 imezama pale Ukara watu wanaona gati kwa macho, huwezi kunieleza kitu. Frateri akipanda anashika ubao kwa mikono miwili, anafumba macho, midomo inacheza. Wavuvi wanamcheka weee, mpaka siku stori za mamba zilipoanza. Akawaambia kwao kuna kijiji kinaitwa Bazoulé mamba wanaishi bwawani karibu na watu, ni wa heshima ya mababu, na watalii wanaenda kupiga picha wamemkalia mamba mgongoni. Mtumbwi mzima ukanyamaza. Huku mamba tunamjua kwa watu aliowachukua. Akatoa simu akaonyesha picha, yeye mwenyewe ana miaka kama kumi na mbili hivi, kachuchumaa juu ya mamba anacheka. Toka siku hiyo hawamcheki, kuna mmoja hata kukaa naye ubao mmoja hataki.

Kichocho kilimpata. Hiyo kwetu ni kawaida, unashuka mtumbwini unakanyaga maji ya magotini kwenye majani, konokono wako hapo, wadudu wanaingia kwa ngozi, huhisi kitu. Malaria alikuja anaijua, alikuwa anajisifu kabisa kwamba hiyo ni ndugu yangu toka utotoni, kumbe ziwa lina lake. Tumbo likasumbua wiki kadhaa, choo kina damu, anaona aibu kusema. Zahanati wakampa praziquantel kwa kufuata uzito, ni vidonge vikubwa vile unameza vingi kwa mpigo, sisi tuliosoma shule za huku tunavijua, ule kwanza vinginevyo utajuta. Hakula kwanza. Akajuta. Usiku ule mama mpishi wa parokia alikaa naye mpaka asubuhi anamtengenezea uji, na asubuhi alipopata nguvu cha kwanza alichoniuliza ni nani amefundisha badala yake darasani.

Kisukuma nacho. Kiswahili ameshakikamata ila vigango vya ndani wazee wanakuongelesha Kisukuma tu. Anajua mwangaluka, ambayo ni salamu ya asubuhi, anaitumia asubuhi mchana jioni, wenyewe wameshamzoea. Kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, kule Bujora mwezi wa sita alikuwa na furaha kama mtoto, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, wanachuana ngoma, anarekodi kila kitu, mpaka wale wa nyoka walipotoa chatu. Simu nilibaki nayo mimi, yeye sikumuona tena mpaka jioni.

Sasa niseme lile la msiba, maana ndo lilinifanya nianze kuandika hii.

Kwao hali sio nzuri. Toka 2015 kuna vikundi vya silaha vinashambulia vijiji, serikali yao yenyewe 2023 ilisema waliohama makazi yao wamepita milioni 2. Kwahiyo simu yake ikiita usiku anaruka. Tunapishana nao masaa matatu, akimaliza shughuli zake saa nne usiku huku, kule ni saa moja jioni, ndo mda wa kuongea na nyumbani kama mtandao upo, na mtandao wa huku unautafuta kwenye mwamba pale nyuma ya kanisa. Nimemkuta mara nyingi amekaa juu ya ule mwamba anasubiri tiki moja ziwe mbili. Hasemi sana. Kesho yake unamuona darasani anaimba na watoto, huwezi kujua jana amesikia kijiji gani kimechomwa.

Siku moja tuko kwa mgonjwa akapokea meseji kwamba mama yake mdogo, huyo ndo amemlea toka mdogo, amefariki. Sio vita, ni presha. Wanazika kesho yake. Kwenda haiwezekani, nauli ya ndege ya kufika Ouagadougou ni mlima, na hata angefika, barabara ya kwenda kijijini kwao haipitiki kwa usalama. Akamaliza sala kwa mgonjwa, akampa mkono, tukatoka, ndo akaniambia.

Mi nilimuacha parokiani nikapita kwa mama mwenyekiti wa jumuiya nikamwambia. Sikuwa na mpango wowote, nilimwambia tu kama taarifa. Narudi saa moja jioni nakuta turubai limefungwa nje ya nyumba ya mapadre, viti vinashushwa, masufuria ya WAWATA yako motoni na wanaume wameshawasha moto wa kulala nje. Msiba. Mwili hakuna, kaburi hakuna, marehemu hakuna hata mmoja aliyewahi kumuona, na watu wamekuja na unga, sukari, kuni, dagaa. Ilikuwa giza hiyo, kipindi cha kazi, nataka mlielewe hilo. Kuna vijana hawakuingia ziwani usiku ule.

Paroko mwenyewe alipigwa na butwaa. Kukawa na mjadala kabisa, msiba wa hivi unakaa siku ngapi, na msemaji wa familia ni nani maana msiba bila msemaji haujakaa sawa. Mzee katekista akasimama akasema mimi ni baba yake mdogo, nitasema mimi. Akasimulia wasifu wa marehemu ambao Frateri alimtajia pembeni, amezaliwa wapi, amelima nini, watoto wangapi amewalea ambao sio wa tumbo lake. Kwaya tukaimba. Siku ya tatu ikasomwa misa, watu wakaanua matanga, na daftari la rambirambi likasomwa jina kwa jina, elfu moja, elfu mbili, mia tano, debe la muhogo.

Frateri zile hela hakujua azishikeje. Miezi yote hiyo amekuwa akisema sina, leo anapewa bahasha na watu wale wale waliomuomba sare na bati. Akataka kuirudisha iende kwenye kigango. Mama mwenyekiti akamwambia Frateri, rambirambi hairudishwi, unataka kutuletea mkosi? Ikatumwa kwao kwa njia wanazozijua mapadre. Baadaye walipiga video kule mwambani, baba yake na ndugu wako wengi wamebanana kwenye kioo kidogo, na huku tuko kama kumi tumemzunguka, hatuelewani neno, tunapungiana mikono tu. Yule mzee wa "tumeletewa mwanafunzi" naye alikuwepo, alivaa koti.

Kuna siku nilimpeleka Kageye, huku huku mwambao upande wa Magu, alikuwa anasumbua anataka kupaona. Ni pale ambapo yule mpelelezi Stanley 1875 alishusha boti lake la Lady Alice azunguke ziwa, na ndipo msafara wa kwanza wa wamisionari wa Lavigerie ulifikia mwishoni mwa 1878 baada ya kutembea miezi na miezi kutoka Bagamoyo, kabla ya kuvuka kwenda Buganda. Wengine hawakuwa na bahati hiyo, wale wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe Desemba 1877, na mwenzao Mackay alifia Usambiro kusini mwa ziwa 1890 kwa malaria, ana miaka 40. Mi nilitegemea Frateri atasimama pale asali au apige picha. Yeye akawa anauliza maswali ya ajabu, hapa walilala kwa nani, chakula walipewa na nani, mizigo ilibebwa na nani. Nikamwambia mwenyeji wa pale kipindi hicho alikuwa mtemi Kaduma, hiyo hata Stanley ameandika, na wabebaji wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Akakaa kimya alafu akasema, kwahiyo hata wao walikuja hawana kitu cha kula. Nikasema ndio ila walikuwa na shanga na vitambaa vya kulipia. Akacheka sana. Akasema mimi hata shanga sina.

Sio kwamba kila kitu sasa ni kizuri. Kigango bado hakina bati, na kuna watu waliohama kabisa wameenda kusali sehemu nyingine wanakosema kuna mchungaji mwenye wafadhili, na siwalaumu, mvua ni mvua. Kibali chake cha ukaazi kimemzungusha mjini asubuhi nyingi, fomu hii ile picha hii ile, na nauli za daladala zinatoka kwenye hiyo hiyo pesa ya mfukoni. Na kuna upweke mwingine ambao sisi hatuwezi kuuondoa hata tumpe jogoo wangapi, namuona Krismasi, watu wote wana ndugu, yeye anazunguka nyumba kwa nyumba anakula kidogo kidogo kila mahali ili asimuudhi mtu, usiku anarudi chumbani kwake. Nilishamuuliza kama anajuta. Akasema nimuulize baada ya mvua kuisha, kipindi hicho alikuwa na mafua.

Anaondoka mwezi wa saba kwenda kusoma teolojia, na sasa vita iko kwenye grupu la WhatsApp la parokia kuhusu zawadi ya kumuaga. WAWATA wanataka kumshonea kanzu mpya, wanasema ile ya dagaa isipande ndege. Kwaya tumependekeza uzi wa gitaa, seti nzima, na begi lake. Kuna mtu ameleta hoja ya sangara mkavu wa kilo tano, akajibiwa watamshusha Nairobi. Na wazee wa benchi la nyuma, wale wale wa hesabu ya bati, wameandika kupitia simu ya mjukuu kwamba wao wana ndama tayari, parokia itafute namna ya kumsafirisha. Paroko hajajibu hiyo mpaka sasa. Kikao ni Jumamosi baada ya jumuiya, ni mwezi mkubwa kwahiyo hakuna wa kusingizia ziwa.